Kadi ya Kungoja Maji

Mudathiri alikuwa akikwangua ukoko wa wali wa mchana, taratibu, kwa sababu binti yake Muzdalifa aliutaka utoke kipande kizima kama chapati. Mkewe alikuwa fundi wa kuukwangua hivyo. Yeye ilimbidi ajifunze uzeeni. Pale mkekani Muzdalifa alikuwa ametandaza karatasi ya mfuko wa saruji, ameichora miraba kwa mkaa, na kando yake amepanga kadi alizozikata kwenye boksi la sabuni: mshale wa mbele, mshale wa kulia, mshale wa kushoto, na nyingine yenye duara, maana yake rudia. Alipokwisha kuzipanga akazifunua moja baada ya nyingine. Kete ikajitikisa, ikatembea, ikakata kulia, ikasimama penye nyumba iliyochorwa kwa chaki.

"Sogeza mguu, baba," Muzdalifa alisema. "Inarudi."

Mudathiri akasogeza mguu. Kete ikapita.

Ilikuwa kizibo cha kichupa cha wanja cha mkewe, marehemu Sijaona. Kichupa chenyewe kilivunjika siku ya msiba, katika kuhamisha vyombo, kizibo kikabaki.

"Dama gani hii ya mtu mmoja?" Mudathiri aliuliza. "Mpinzani wako nani?"

"Mwalimu Gharibu anasema mpinzani ni kosa lako mwenyewe. Huruhusiwi kuishika kete. Unapanga amri zote kwanza, ndiyo unaiachia. Ikienda kombo, hakuna aliyekuchezea rafu. Umepanga vibaya."

"Huo mchezo wangepewa wakubwa," Mudathiri alisema, akampa ukoko wake.

Mchezo ulifika shuleni ndani ya boksi zuri lenye picha ya mtoto wa bati anayecheka, kutoka Mradi wa Uzazi na Elimu Visiwani. Watoto wajifunze kuamrisha mashine wangali wadogo, ndivyo walivyosema. Mudathiri, ambaye alitolewa shule mapema akakae dunguni kufukuza ndege kwenye mpunga, hakuwa na ugomvi na boksi. Ugomvi wake ulikuwa juu ya boti. Mradi huohuo uliwaletea boti la wagonjwa. Walikuja na maturubai, wakakata utepe, wakala pilau la watu, kisha wakaondoka na boti lao wakalirudisha Kibiti likafungwe injini. Mpaka leo lilikuwa limekaa juu ya matairi nyuma ya yadi ya mradi, jeupe pee, likisubiri injini. Sijaona naye alisubiri. Alisubiri ndani ya mtumbwi, uchungu umemkamata, maji yamepwa, mtumbwi umekaa juu ya tope katikati ya mikoko, na kabla maji hayajarudi alikuwa amekwisha kwenda zake, yeye na mtoto wake. Wakubwa walipoulizwa walisema suala liko kwenye mchakato. Mudathiri hakujua mchakato uko wapi. Angejua, angepiga kasia akaufuate.

Na sasa Maimuna, binti yake mkubwa, alikuwa amerudi kwa baba yake kujifungulia nyumbani kama desturi, na tumbo lilikuwa limeshuka. Kila alipoliona tumbo lile, Mudathiri alitazama upande wa mtoni, halafu alitukana upande wa Kibiti.

Matusi hayo Muzdalifa aliyasikia. Jumamosi moja akageuza ile karatasi upande wa pili, akachora njia nzima: yadi ya mradi, lami, njia panda ya Bungu, Nyamisati, kisha mito na mapindi yake yote mpaka gati lao la miti huku Mbwera. Akaweka kete juu ya yadi, akapanga kadi, akazifunua.

Haikufika adhuhuri simu ya Mudathiri ikaita. Alikuwa Jatin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibiti, ambaye yeye na baba yake mzee Valli wamemuuzia misumari maisha yake yote.

"Mudathiri, habari za huko? Boti lenu limepita hapa dukani sasa hivi."

"Limepakiwa kwenye gari gani?"

"Gari la nini? Linakwenda lenyewe, kwa tumbo. Pale stendi limewapisha bodaboda, likakata kona safi kabisa."

"Linaelekea wapi?"

"Njia ya Bungu. Halafu ile misumari uliyoulizia imekuja."

Boti lilifika Nyamisati, likashuka majini, likaingia mlango wa mto, na hapo likakwama. Maji yalikuwa yamepwa. Likakaa juu ya tope, na huku mkekani kete nayo ikakaa kwenye mraba wake ikitetemeka kama kifaranga kilicholoa, kwa kuwa kadi ilisema mbele na mbele hapakuwa na njia.

Mudathiri alicheka. Tangu msiba, Maimuna hakuwa amemsikia baba yake akicheka, akatoka chumbani ameshika kiuno kuja kutazama kuna nini.

"Mtoto wa Mbwera umesahau maji," Mudathiri alisema.

"Kwenye boksi hamna kadi ya maji," Muzdalifa alijibu, amenuna. "Miraba yao mikavu saa zote."

"Waliotengeneza wanaishi juu ya sakafu, mama. Hawana kosa. Wewe je?"

Muzdalifa alichukua mkasi, akakata kadi nyingine, akachora mawimbi na kando yake mtu aliyejikalia. Akamweleza baba yake: kete ikifika kwenye kadi hii itazame, kama maji yamejaa, ipite, kama yamepwa, ingoje, halafu itazame tena.

"Ndivyo tunavyokwenda siku zote," Mudathiri alisema.

"Sisi tunajua. Mashine haijui mpaka uiambie."

Jioni hiyo Mudathiri alipita baraza baada ya baraza bila haja yoyote. Kila alipokaribishwa aliyapeleka mazungumzo huko huko, kwamba mwanawe ameongeza kadi ambayo wenye boksi lao hawakuifikiria. Mzee Mashaka, aliyesikia habari hiyo barazani kwake kisha akaisikia tena msikitini, alimuuliza kama na Mwenyezi Mungu ameshapewa taarifa. Mudathiri alisema anadhani anayo.

Muzdalifa alilirudisha boti juu ya matairi yake. Mlinzi wa yadi alilikuta na tope, akaliosha.

Maimuna alishikwa na uchungu siku ya Alhamisi, asubuhi. Walimpeleka zahanati. Nesi Sikujua aliingia naye, akatoka akijifuta mikono.

"Baba Maimuna, mtoto amekingama. Mimi hapa siwezi. Apelekwe hospitali Kibiti."

"Kwa chombo gani?"

"Ndiyo unaniuliza mimi?"

Mudathiri akapiga simu mradi, maana utaratibu ulikuwa huo. Sauti ya upole ikamwambia boti bado linasubiri injini, mzee wangu, hebu angalieni njia mbadala. Akasema njia mbadala ndiyo iliyomuua mama yake Maimuna. Sauti ikasema inaelewa.

Alipofika nyumbani, Muzdalifa alikuwa amekwisha kufunua kadi. Kete ilikuwa lamini. Karibu na Bungu ikasimama mahali ambapo hapakuwa na kadi ya kusimama, na mtoto akasema bila shaka ni trafiki. Ilikuwa kweli. Askari alilitaka boti leseni, likamnyamazia, akalitazama matairi akakuta halina, akaliruhusu. Kete ikaendelea. Ikafika Nyamisati, ikashuka, ikaingia mlango wa mto, ikasimama juu ya kadi ya kungoja maji.

Ikatulia. Safari hii haikutetemeka.

Mudathiri alikaa mkekani akiitazama. Kutoka zahanati aliweza kuusikia uchungu wa mwanawe, ukija na kuondoka, ukija tena. Ilikuwa sauti anayoijua. Mkono ukamtoka wenyewe kuelekea kwenye kete, aisukume mpaka gatini, kidogo tu.

"Baba, usiishike."

"Dada yako anakufa kule."

"Ukiishika inasahau ilikotoka. Itaanza upya Kibiti."

Mudathiri akaurudisha mkono, akaukalia.

Wakakaa hivyo. Chini ya nyumba mashimo ya kaa yalikuwa makavu, na yeye akayatazama hayo sasa badala ya kete. Baadaye shimo moja likatoa povu. Likafuata jingine. Maji yakaanza kutambaa kati ya nguzo, membamba, na takataka zake. Kete ikatazama, ikapita.

Boti lilifunga gatini bila mlio. Wanawake wakamwingiza Maimuna, Sikujua akapanda na mkoba wake, akasema afadhali halinuki mafuta. Muzdalifa alibaki nyumbani na kadi za kurudi. Mudathiri alikaa nyuma, kwenye nafasi ya injini, kwa kuwa ilikuwa wazi. Walipofika lile pindi la mikoko ambapo mtumbwi wa Sijaona ulikalia tope, boti likapunguza mwendo. Hakuna kadi iliyosema hivyo. Mudathiri alivua kofia, akaivaa tena, na boti likaongeza mwendo. Nyamisati likapanda ufuko likashika barabara, na kabla ya alasiri Maimuna alikuwa amepasuliwa na mtoto ametoka, wa kike, analia kwa hasira. Wakamwita Sijaona.

Wiki iliyofuata alikuja Bwana Sadallah, mkuu wa mradi, kwa boti la kukodi. Alipewa kiti.

"Mzee wangu, boti lilitoka bila kibali."

"Lilitoka."

"Na halina injini."

"Halina."

"Sasa mimi naandika nini kwenye taarifa? Chombo kisicho na injini hakiwezi kuwa kimesafiri."

"Andika linasubiri."

Bwana Sadallah alifikiri, akaona inafaa. Akasema hana neno na mchezo wa mtoto, ila wageni wa mradi hupenda kuja Ijumaa, hivyo Ijumaa boti liwe juu ya matairi yake. Muzdalifa akapewa fulana iliyomfika miguuni, akapigwa picha ameshika boksi la mtoto wa bati. Karatasi ya saruji waliiomba itolewe kwenye picha. Habari ya injini haikutajwa. Bwana Sadallah aliporudi Kibiti aliamuru boti lifungwe mnyororo kwenye tairi.

Mzee Mashaka alipoumwa na nyoka shambani, boti lilikuja na mnyororo wake na tairi linaburuzika nyuma. Mashaka alipona, na tairi walilifunga kwenye nguzo ya gati, vyombo visikwaruzwe.

Siku moja, Muzdalifa akipanga kadi zake, Mudathiri alimuuliza kama hakuna ya kurudi nyuma kabisa. Nyuma ya kadi zote. Mwaka ule.

Mtoto alilichukua swali kama maswali yote ya kazi yake, akalifikiria.

"Kete inarudi miraba, baba. Miaka haina kadi."

"Haya. Panga za mbele."

Kadi za boksi la sabuni zilikuwa zimelegea kwa unyevu, kwa hiyo Mudathiri alikwenda Kibiti kununua karatasi za manila dukani kwa Jatin. Akachukua na misumari yake. Alipotoka akapitia nyuma ya yadi ya mradi. Boti lilikuwa juu ya matairi mapya, na mnyororo mpya, na ubavuni limeandikwa kwa rangi ya buluu: LINAHUDUMIA VISIWA. Kwenye nafasi ya injini kuku alikuwa ameatamia. Saidy, mlinzi, alichutama chini yake na ndoo ya sabuni, anasugua tumbo la boti kwa brashi, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Ijumaa.

"Shikamoo mzee. Nyie watu wa Mbwera, tope lenu gani hili? Nasugua tangu asubuhi, halitoki."

"Marahaba," Mudathiri alisema. "Halitoki."

Akabaki hapo amesimama, manila kwapani, kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga, mpaka Saidy alipokwenda kubadilisha maji.