Fungu la Malaika

Usiku wa jana niliota pipa la saba limenipigia simu. Sikushangaa pipa kupiga simu. Nilishangaa tu kwamba lina namba yangu mpya.

"Damari," likasema, kwa sauti ya mtu aliyefungiwa ndani muda mrefu, "njoo unionje. Kesho wanataka kunifungua, na wewe pua huna."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu ni ya kweli. Mimi ni mwonjaji wa brandi katika kiwanda kidogo cha zabibu nje ya Dodoma, na tangu homa iliyonilaza baada ya Pasaka sisikii harufu ya kitu chochote. Kazini nimesema ni mafua, yatapita. Hayajapita. Na Bi Perisi, mwenye kiwanda, anasubiri neno langu juu ya pipa la saba: liko tayari, au bado? Brandi ikishatolewa kwenye pipa haikui tena. Ukikosea, umekosea moja kwa moja.

Lakini kazi siyo iliyokuwa ikiniliza. Chini ya kitanda changu kuna sanduku, na ndani yake kuna kanga ya marehemu mama, ambayo sijaifua tangu tulipomzika. Nilikuwa naifungua Jumapili nikitoka kanisani, nainusa kidogo, naikunja, naifungia. Baada ya ile homa nikaifungua, nikainusa, ikawa kitambaa tu. Siku hiyo ndiyo niliyofiwa na mama kwa mara ya pili.

Basi nikavaa kandambili, nikafungua mlango wa jikoni kwangu, nikatokea kwenye ghala la mapipa.

Mlangoni, juu ya kiti, umekaa mtungi mkubwa wa shaba tunaochemshia divai na kukenekea brandi. Umepakata mkoba wa kike.

"Kichwa, moyo au mkia?" unaniuliza.

Kazini kwetu hilo ni swali la kawaida. Brandi inapoanza kuchuruzika, ile ya kwanza ni kichwa. Ni kali, ina sumu, tunaitupa. Ya mwisho ni mkia. Inanuka nguo mbichi. Tunaiweka ya katikati tu, ambayo ndiyo moyo.

"Moyo," najibu.

"Vingine viache hapa."

Hapo hapo kivuli changu kinakatwa kichwa na miguu, bila damu. Mtungi unavikunja vizuri na kuvitia mkobani.

"Utavichukua ukitoka," unasema. "Kama utatoka."

Naushukuru. Nimelelewa vizuri.

Ndani mapipa yanapumua. Kila pipa la brandi hupungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, hata lisipoguswa na mtu. Kilichomo kinapenya kwenye mbao na kupotelea hewani, na sisi watu wa kazi hii husema hilo ni fungu la malaika. Siku zote nilidhani ni maneno ya kumtuliza mwenye mali.

Kumbe wapo. Hawana mabawa. Wamekaa kwenye mikeka kama watu wa msibani, wanawake kwa wanaume, kanga viunoni, nyuso zimelowa. Hawasemi. Wanavuta hewa wote kwa pamoja, wanatulia, kisha wanaiachia wote kwa pamoja.

Katikati yao yuko Kihwele, bwana aliyenifundisha kuonja. Alifariki mwaka uliofuata baada ya mama. Yeye Mhehe, mimi Mgogo, kwa hiyo ni mtani wangu, na kifo hakijambadilisha hata kidogo.

"Kamwene, mtani," ananisalimia kikwao. "Nilijua utakuja kuomba. Mgogo hajifunzi kuomba, anazaliwa nako."

"Mbukwa," namjibu kikwetu. "Umekonda."

"Nimekufa."

"Hata hivyo."

Anacheka bila sauti. Namwambia sikuja kwa maneno, nataka pua yangu.

"Pua yako imelala," anasema. "Pua ya mwonjaji huamshwa kwa kutaja. Nusa, taja, itaamka." Kisha ananionyesha wale wa mikekani kwa kidevu. "Ila hawa ni watani wa kila mtu. Ukikitaja kitu, wanakichukua. Usichokitaja kinabaki chako."

Sihitaji kuelezwa mara mbili. Kwetu ndivyo misiba ilivyo. Mtani akikamata kitu chako msibani, hata kama ni sufuria iliyo motoni, huna ruhusa ya kukasirika. Siku tunamzika mama, Kihwele huyu huyu alijilaza kaburini na kuapa kwamba hatoki mpaka apewe jogoo. Nami, niliyekuwa nimelia mpaka sauti imekauka, nikacheka. Jogoo alipewa.

Glasi ya kwanza inakuja kwa miguu. Ni brandi ya maembe.

"Nishike kwa kiganja," inasema. "Nina baridi."

Naipasha kwa kiganja, nainusa. Hakuna kitu. Nainusa tena. Kwa mbali, kwa mbali sana, kuna mtu kama anamenya kitu.

"Embe dodo," nasema. "Ganda lake, pale kwenye kikonyo."

Malaika mmoja anasimama, anatumbukiza mkono kwenye glasi, anatoa embe zima, anarudi kuketi nalo. Ndani ya pua yangu kitu kinafunguka. Natumbukia kwenye furaha kabla sijajizuia, nataka kumkumbatia kila mtu, hata waliokufa.

Nasukutua brandi mdomoni na kuitema kwenye ndoo, maana mwonjaji hamezi.

"Asante," inasema ndoo. Halafu inaanza kunong'ona, kwa sauti yangu, kila nilichowahi kukitaja nikiwa nimeinama juu yake. "Asali ya nyuki wadogo. Ngozi ya kiatu kipya. Tini. Tumbaku. Tini tena, Damari, jamani, huna lingine?"

Nikiinua uso, ghala halipo. Tuko shambani, jua la utosi, mikeka ile ile, watu wale wale. Mizabibu yote imefungwa vitambaa machoni. Hakuna anayesema kwa nini.

Glasi ya pili ni ya plamu za Lushoto. Safari hii pua haisubiri kuombwa, na ulimi, ambao umekaa bila kazi tangu Pasaka, unakimbia mbele yangu.

"Plamu. Kokwa ya plamu. Na vumbi, likipigwa na mvua ya kwanza."

Nimechelewa. Mwanamke mmoja mzee anainuka na kuizoa ile harufu ya vumbi kwenye upindo wa kanga yake, taratibu, asibakize hata punje. Mtu wa Dodoma ataelewa nilivyoumia. Tunaingojea harufu ile miezi na miezi, na ikija watu wazima wanatoka nje kusimama tu.

"Pole," anasema Kihwele. "Hiyo ilikuwa nzuri."

"Pua sasa inatosha?"

"Inatosha kwa kitunguu. Kwa pipa la saba haitoshi."

Pipa la saba lenyewe linakuja likibingirika kati ya mizabibu, hakuna anayelisukuma. Linasimama miguuni pangu na kujimimina kwenye glasi. Naipokea, na tuko jikoni kwa mama, Mvumi, ndani ya tembe. Mafiga yana joto. Kigoda chake kipo. Yeye hayupo.

Nainusa glasi. Yeye yupo.

Sijui niseme vipi. Kanga yote ilikuwa mle ndani, mgongo wake, asubuhi zake. Nilipaswa kunyamaza, lakini nimefanya kazi hii muda mrefu mno. Mwonjaji akisikia, anasema.

"Moshi wa kuni za mgunga," nikasema.

Malaika mmoja akasimama, akachukua.

"Samli ya kwenye kibuyu."

Mwingine akasimama, akachukua.

Hapo ndipo nikajiziba mdomo. Chini ya moshi na chini ya samli kulikuwa na kitu cha tatu. Kile ndicho kilichokuwa mama mwenyewe. Nilikijua tangu nikiwa mgongoni mwake, na neno lake nilikuwa nalo, tayari, limefika kwenye meno.

"Maliza, mtani," Kihwele anasema kwa upole. "Mwonjaji haachi sentensi njiani."

Malaika wote wamesimama. Wamenisogelea, na kwa karibu naona kwamba hawana pua. Mahali pa pua pana tundu moja la duara, kama lile la kizibo cha pipa. Wanavuta hewa. Nywele zangu zinaelekea kwao.

Ndoo inajisogeza chini ya kidevu changu.

"Tema," inasema, kwa sauti yangu. "Tema ulitaje."

Mwonjaji hamezi. Kihwele alinifundisha hivyo siku ya kwanza, na tangu siku hiyo sijawahi kumeza tone moja la brandi ya kazini. Nikamtazama machoni, nikameza. Brandi, neno, vyote vikashuka pamoja vikiunguza.

Ndoo ikalia kama mbuzi. Malaika wakarudi kuketi, mmoja mmoja, kama watu walioambiwa chakula kimekwisha.

 Macho ya Kihwele yalikuwa yamelowa.

"Wagogo," akasema, "mna njaa, jamani." Nikajua amefurahi.

Nikaligonga pipa la saba kwa kifundo cha kidole. "Uko tayari?"

"Bado," likajibu.

Nikaamshwa na kitunguu.

Mume wangu, Lameki, alikuwa akikikaanga jikoni. Nikalala pale pale nikivuta hewa. Sabuni ya mche. Mafuta ya taa. Banda la kuku la jirani, ambalo nimelilalamikia kwa mwenyekiti wa mtaa, leo nikalishukuru. Machozi yalinitoka mpaka mto ukalowa.

"Unalia nini, mama?" Lameki akauliza.

"Kitunguu."

"Umekisikia?"

"Nimekisikia!"

Akaacha mwiko ukaanguka. Alifurahi hata akanikatia embe dodo, la kwanza msimu huu, akaniletea kitandani kwenye sahani. "Linanukia nyumba nzima," akasema.

Nikalinusa. Nikalinusa pale kwenye kikonyo. Ni kama nilikuwa nanusa sahani tupu.

 Nilishuka kitandani, nikavuta sanduku, nikafungua kanga ya mama. Moshi hakuna. Samli hakuna. Nikaisogeza mpaka ikagusa midomo yangu, nikafumba macho.

Kipo.

Lameki alikuwa amesimama nyuma yangu. Miaka yote hiyo ameniona na ile kanga, hakuwahi kuniuliza swali. Leo akauliza.

"Inanukia nini?"

Na nyuma yake, upande wa kabati, nikasikia watu wengi wakivuta hewa kwa pamoja, wakatulia.

"Kitambaa tu," nikamwambia, nikafunga sanduku.