Ndege Asiyetajwa

Jana usiku niliota ndege wa bustani yetu wanafungasha mizigo.

Wamepanga foleni kutoka kwenye mparachichi hadi getini. Shorewanda, wale wenye vichwa vyeusi na njano chini ya mkia, wamekunja godoro na kulifunga kwa kamba ya katani. Tetere, yule njiwa mdogo, amebeba jiko la mkaa kichwani, na bado lina moto. Mimi nimesimama mlangoni na beseni la vyombo, na kitu cha kwanza kinachonijia akilini ni kwamba jiko lile ni langu.

"Mnakwenda wapi?" namuuliza shorewanda wa mbele.

"Tunahama, mama. Hatutajwi tena."

Ananijibu kwa adabu, kama mpangaji asiye na ugomvi na mtu. Sishangai kwamba anaongea. Ninachoshangaa ni kwamba wamevumilia mpaka leo.

Nieleze kidogo hapa, maana ndoto yenyewe haikujisumbua kueleza. Mume wangu, Baba Eliwaza, alikuwa mwalimu wa kwaya hapa Usangi mpaka sauti ilipomkauka. Alipostaafu alihamishia kwaya bustanini. Kila asubuhi huketi kibarazani na darubini aliyoachiwa na mchungaji mmoja, akamtaja kila ndege anayetua: kwanza jina, kisha wimbo wake kwa noti. Dudumizi, kwa mfano, hushuka ngazi nzima, do, ti, la, so, mpaka chini. Mimi ndege niliwajua kwa makundi mawili tu, wanaokula mbegu za mchicha wangu na wanaokunya kwenye nguo nilizoanika. Alikuwa akinicheka. "Mama Eliwaza," alikuwa akisema, "ndege asiyetajwa hajaonekana."

Tangu Pasaka majina yanamtoka. Alitangulia dudumizi. Akafuata mnana, ingawa ndege huyo amejaza viota juu ya kichwa cha mume wangu na kelele zake hazimpi mtu usingizi. Halafu likaondoka jina la mjukuu wetu. Mwezi uliopita Eliwaza mwenyewe, binti yetu, alipiga simu kutoka Mwanza, baba yake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa simu na kusema kwa heshima zote, "Kuna mama mmoja anakutafuta." Daktari anasema ni uzee. Ametupa vidonge vya njano.

Mimi bado ananitaja. Kila asubuhi nampelekea chai, nasimama mbele yake nikijifanya natafuta mahali pa kuweka kikombe, nangoja aseme "Mama Eliwaza." Akishasema, ndipo miguu inakubali kwenda jikoni. Juzi alichelewa mpaka chai ikafanya utando.

Basi, foleni inasogea. Getini amekaa hondohondo, yule ndege mkubwa mwenye pembe juu ya mdomo. Amevaa miwani na lile koti ambalo wazee wa kanisa huvaa kwenye misiba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umo kwenye foleni?"

"Mimi ni mwenyeji."

"Wote hawa walikuwa wenyeji," anasema, na kuwatazama kwa huruma.

Namuuliza kama hakuna la kufanya. Anasema lipo. Leo ni siku ya kutaja. Mwalimu atasimama mbele ya watu, na atakayetajwa jina lake atabaki na kila kitu chake. Asiyetajwa hajaonekana, na asiyeonekana hawezi kukaa kwenye bustani ya mtu.

"Sheria hii ni katili, mzee."

"Si yangu. Ni ya mumeo."

"Na wewe unahama pia?"

"Mimi nina shida ya ziada. Mke wangu nimemziba kwa tope ndani ya shimo la mti, kama desturi yetu ilivyo wakati wa mayai. Tunafanya hivyo ili asipotee." Anavua miwani, anaifuta kwa bawa, anaivaa tena. "Sasa nimesahau mti."

Nampa pole. Anapokea pole vizuri, kama mtu aliyekwisha kupewa nyingi.

Hapo bustani inakuwa kanisa. Mabenchi yameota mchicha na dari ni majani ya mparachichi. Mume wangu amesimama mbele na joho la kwaya na fimbo yake ya kuongozea, mgongo umenyooka. Kila ndege anapangwa kwenye sauti yake. Mimi nawekwa sauti ya pili, pamoja na tetere, kwa sababu ndiko nilikoimba tangu usichana. Bado naamini nimekaribishwa kutazama tu.

Mume wangu anamwelekezea fimbo shorewanda. Shorewanda anageuka ili njano yake ionekane, anainamisha kichwa hivi, anakiinua vile, maskini, anajitahidi mpaka anakaribia kuanguka.

"Wewe," anasema mume wangu. Anafikiri sana. "Wewe ni ndege."

"Hilo si jina?" namnong'oneza tetere.

"Hilo ni kabila," ananijibu.

Shorewanda anachukua godoro lake, anatoka kupitia dirishani. Mnana anaitwa, naye ni ndege. Tetere anaitwa, ni ndege, anaondoka na jiko langu. Dudumizi anajaribu ujanja. Kabla hajaulizwa anafumbua mdomo na kushuka ngazi yote, do, ti, la, so, fa, mi, re, do, mpaka vioo vinatikisika.

"Hakuna kumsaidia mtahini!" anafoka hondohondo.

Mume wangu ameshusha fimbo. Ameduwaa. "Wimbo huu naujua," anasema. "Mwenyewe ndiye simjui." Dudumizi anatoka akilia kwa sauti ile ile, kwa kuwa hana nyingine.

Nabaki peke yangu kwenye benchi.

"Simama," anasema hondohondo. "Jina?"

"Mimi ni mke wake."

"Hiyo ni kazi. Jina?"

"Mama Eliwaza."

"Hilo ni la Eliwaza, na Eliwaza alishatoka mwezi uliopita."

Nasema, kwa sauti ambayo hata mimi naiona ngeni, "Nakunda."

"Nani analijua?"

Nafikiri. Mama yangu analijua, na amezikwa. Dada yangu analijua, amezikwa kando yake. Mume wangu alilitamka madhabahuni siku ya ndoa, akalitamka labda mara chache gizani, kisha Eliwaza akazaliwa na adabu ya kwetu ikachukua nafasi yake, maana mume hamwiti mkewe kwa jina kama anaita mtoto wa kumtuma dukani. Hakuna aliyekosea. Lakini hasira inanipanda hata hivyo. Kumbe umri wote huu nimening'inia kwenye jina la mwanangu, na hakuna aliyeniambia nishike na pengine.

"Mimi si ndege," namwambia hondohondo.

"Basi hizo kucha ni za nani?"

Natazama chini. Benchi ni tawi, na vidole vyangu vimelishika bila kuniuliza. Kanisa limekwisha. Niko juu kabisa ya mparachichi na mume wangu yuko chini, amevaa sweta lake la kahawia lililotoboka kiwiko, anatafuta kitu majanini kwa darubini.

"Baba Eliwaza!" namwita.

Kinachotoka ni so, so, mi.

Anasimama ghafla. Uso wake wote unafunguka. "Nyamazeni," anaviambia viti vya kibarazani. "Msikilizeni huyo."

"Ni mimi! Chai yako inapoa!"

So, mi, re, mi. Anaurudia wimbo huo, noti kwa noti, na sauti yake iliyokauka imejaa tena kama zamani. Nakwambia, mwanamume huyu hajapata kunisikiliza namna hii tangu tuoane. Nilimweleza paa linavuja tangu vuli, hakuinua kichwa. Sasa namwambia paa linavuja, anafumba macho kwa utamu.

"Sijapata kumwona huyu," anasema. "Maisha yangu yote sijapata kumwona."

Amefurahi. Tangu Pasaka sijamwona akiwa na furaha hii, nimeiombea kwa magoti, na sasa imekuja. Imekuja kwa sababu hanijui. Angenijua, ningekuwa mama wa chai tu. Naumia sana kule juu, naumia kifuani hasa, na siwezi hata kujishika kifua kwa kuwa mabawa hayashiki kitu.

Hondohondo anatua kando yangu. Tawi linapinda.

"Hajakutaja."

"Lakini ananitazama, mzee. Mwone anavyonitazama."

"Kutazamwa si kutajwa. Shuka."

"Nipe siku moja tu."

"Nikikupa wewe, nimjibu nini dudumizi?"

Nashuka. Nje ya geti shorewanda wananingoja, wananipa kona moja ya godoro niibebe. Barabara ni sebule yetu, na makochi na vitambaa vyake vya kufuma, ila imerefuka na haina ukuta mwisho. Tunatembea. Nageuka mara moja. Bado yupo pale chini, darubini machoni, analitazama tawi tupu.

"Atarudi," anakiambia kiti. "Ukitulia vizuri, hurudi."

Nataka kumrudia. Godoro ni zito, na walio nyuma yetu wanatusukuma.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jua liko kwenye pazia. Nje mnana walikuwa wakipiga kelele zao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mnana. Nikageuza shavu. Kitu kikanichoma. Kulikuwa na chembe za mkate kwenye mto wangu. Zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, kutoka katikati ya kitanda mpaka karibu na mdomo wangu. Mimi huwa sili kitandani, na nyumba hii haina mtoto.

Baba Eliwaza alikuwa amelala ubavu, amesogea mpaka ukingoni, mguu mmoja uko nje tayari, ili asinisogelee mno. Alishika kipande cha mkate kifuani. Alikuwa akipumua kwa uangalifu.

"Umeamkaje?" nikamuuliza.

Akaweka kidole mdomoni. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Taratibu," akaninong'oneza. "Usiruke."

Nikangoja aseme jina. Jina lolote, hata la Eliwaza, hata lile la gizani. Nilingoja huku nikimtazama, naye akanitazama kwa upendo mkubwa, upendo ambao haukuwa na habari zangu. Kisha nikaona ameanza kuingiwa na hofu. Nilikuwa nimetulia muda mrefu mno, na alijua kitu kilichotulia hivyo huwa kinajiandaa kuondoka. Midomo ilianza kumcheza.

Sikuweza kumfanyia hivyo. Nilisogeza kichwa polepole, nikadokoa chembe ya kwanza kwa midomo, bila mkono.

Akacheka pasipo kutoa sauti. Akamega kipande kingine, akakisukuma kwangu kwa ncha ya kidole, akarudisha mkono haraka. Nikala na hicho. Machozi yalikuwa yananitiririka hadi kwenye mto na sikuyafuta, maana ningeinua mkono angeshtuka.