RIP Enyonam

Dzifa alikuwa mgeni katika duka la kuchapa mabango mjini Accra. Alipotuma mashineni bango la harusi ya dadake, Enyonam, kioo cha kompyuta kiliandika: "RIP Enyonam." Akachomoa simu yake.

"We mtoto, hiyo RIP ni programu tu," alisema Anti Akweley, mwenye duka. "Inageuza picha kuwa nukta za wino ili mashine ichape. Hapa RIP si ile ya mabango ya misiba."

Hata hivyo Dzifa alimpigia dadake. Enyonam akapokea huku anacheka.

"Hata mimi, siku ya kwanza kuona RIP na jina la kaka yangu, nilimpigia," Anti alisema polepole.

"Akapokea?"

"Alipokea mkewe, analia."

Bango likaanza kutoka. Dzifa hakuweza kuligusa.