Uzito wa Mama Léoncie

Kila alfajiri, katika mtaa wa Katoyi mjini Goma, Mama Léoncie aliwasha jiko lake, na Nyiransabimana akaja na kopo kuomba makaa yenye moto. Nyiransabimana alikuwa mjane kutoka kijiji cha Kalengera. Vita vilimfukuza huko, naye akapewa kijumba cha mbao uani kwa Mama Léoncie. Makaa alipewa daima, baada ya matusi.

"Kwenu Kalengera banawashaka moto na nini? Na mate?"

"Na ile sombe yako, Mama? Mbuzi zetu zingekataa hayo majani ya muhogo."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikachemka. Wote wawili walikuwa wamepita miaka sabini, na walilala vizuri.

Daktari alimpima Mama Léoncie, akaona shinikizo la damu liko juu kidogo. Akaagiza aepushwe na makelele. Donat, mwanawe, alikuwa mtu mtiifu. Alimhamishia Nyiransabimana kwenye kambi ya wakimbizi, akajaza kijumba saruji ya kuuza.

Wiki iliyofuata shinikizo lilishuka, na Mama Léoncie akapanda. Kwanza ndala zake ziliachana na sakafu. Jumapili kichwa kiligusa mabati. Kwenye misa, Athanasie, mke wa Donat, alimshika pindo la kitenge, na padri akapanda benchi ili kumpa komunyo. Waumini waliokuwa nyuma yake walilalamika kwamba hawaoni altare.

Donat alimfunga kiunoni mawe ya volkano, ambayo hapo Goma ni ya bure.

"Mama, unakosa nini?"

"Yule mulozi wa Kalengera. Unirudishie yeye."

"Docteur alikataza."

"Docteur atakuja kunitukana asubuhi?"

Athanasie alikwenda kambini bila kuaga. Alimkuta Nyiransabimana akielea juu ya hema lake, amefungwa kwa kamba kwenye vigingi. Majirani walikuwa wameanika nguo kwenye kamba hiyo. Alimshusha kidogo, akamleta nyumbani akimvuta kwa kamba.

"Ah! Hata huku juu nasikia harufu ya sombe," Nyiransabimana alisema mlangoni.

"Basi kaa na njaa, mukonda wewe!"

Miguu ya wote wawili ilitua sakafuni kwa kishindo. Walikula sufuria nzima, wakitukanana.

Donat alifurahi sana. Kisha akaleta kipimo. Shinikizo lilikuwa limepanda.

Aliita pikipiki ya kwenda kambini. Alimfunga Nyiransabimana vizuri mgongoni mwa dereva, asije akapeperuka njiani, kisha akaenda kumtafutia mama yake mawe mengine.