Futi Ishirini au Ishirini na Tano

Ngumi ya Harlan ilimpata Royce puani, na damu ikarukia viti vyeupe vya boti kubwa ambayo hawakuwa wameinunua bado.

Ubishi ulianza tangu mayai ya asubuhi. Muuzaji alikuwa amewaachia boti mbili gatini wazijaribu, moja ya futi ishirini, nyingine ya futi ishirini na tano. Nyumba ya ziwani, huku Alabama, Rowena aliirithi pamoja na kaka yake Harlan, kwa hiyo boti nayo ilikuwa lazima iwe ya wote wawili. Harlan alitaka kubwa. Maysie, binti wa Rowena, alizoea kuteleza kwa ubao juu ya wimbi la nyuma ya boti na kuruka kama panzi. Msichana wa namna hiyo, Harlan alisema, anahitaji wimbi la kufika kiunoni.

"Shemeji, hicho kidogo ni cha kuogeshea bata," alimwambia Royce.

Royce, mume wa Rowena, akamjibu kuwa heri bata kuliko mguu wenye misumari. Kiangazi kilichopita Harlan aliingia mbio katika ghuba yao nyembamba na boti kubwa ya kuazima. Wimbi lake likainua boti iliyofungwa gatini na kuusaga mguu wa Royce kwenye nguzo, hata madaktari wakauunga kwa misumari. Hapo ndipo ngumi ilipotoka.

Royce alifuta pua, akaokota kasia na kumchapa Harlan nalo mbavuni. Wakakamatana. Rowena aliinua sanduku la vinywaji akawamwagia barafu yote kichwani.

"Ingieni kwenye ndogo," alisema. "Nitawaonyesha kama haitoi wimbi."

Alijaza matangi ya maji chini ya sakafu mpaka pomoni. Kisha akabeba magunia ya risasi, ile metali nzito, kutoka banda la boti na kuyapanga mbele. Wenye boti ndogo ziwani humo hufanya hivyo, kuilemeza boti ichimbe maji kama kubwa. Royce alimwambia yanatosha. Yeye akaongeza mawili.

Alishika usukani, wakatoka, na wimbi likaja. Maysie alilipanda, akaruka, akajizungusha hewani, na Rowena akamgeukia kaka yake huku anacheka. Mruko wa tatu, msichana alianguka kifudifudi. Maji yalimpiga kama ukuta. Akaelea bila kusogea.

Rowena alikata kona na kuzima mwendo papo hapo.

Pua ya boti ilizama chini ya wimbi lao wenyewe. Maji yalimwagika ndani kwa mngurumo, magunia yakaserereka mbele, na mawili yakaangukia mguu mbovu wa Royce, aliyekuwa amekaa mbele. Boti ikaanza kwenda chini kichwa kwanza, pamoja na Royce. Kwa hofu alimkaba koo Harlan aliyekuwa anainama kumsaidia. Harlan alimpiga kichwa usoni, pale pale palipokwisha vunjika, akachana magunia kwa kisu, kisha akamvuta nje kwa nywele.

Maysie alikuwa amezinduka. Aliwafikia akiogelea, mdomo umejaa damu.

"Mama, uliweka risasi mbele?"

Rowena alimshika mkono akageukia gati. Majaketi ya kuokolea yaliwaelesha mpaka gatini, na nyuma yao nusu ya boti ndogo ilibaki imesimama majini, tako juu.

Harlan alikuwa wa kwanza kupata pumzi. "Umeona sasa, dada? Ndogo inaua."

Rowena alimzaba kofi lililomkalisha kwenye mbao.

"Iliyotaka kuua ni mikono yangu," alisema. "Kama mwaka jana ilivyokuwa mikono yako. Mzigo ule, boti kubwa ingeubeba. Tunachukua kubwa."

Harlan alianza kutabasamu, shavu limevimba. Rowena akapiga magoti, akamtia mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa boti kubwa. Harlan alimkamata kiwiko akakipinda. Rowena alimng'ata kidole gumba mpaka akaachia.

"Ila wewe huugusi usukani. Wala mimi."

Akamtupia Royce ufunguo.

Royce aliudaka kifuani. Alimtazama mkewe, kisha nguzo ya gati, kisha boti ile pana, kana kwamba wamempa fahali amfunge kamba. Akatema damu majini na kupanda kwa kuchechemea. Maysie akafungua kamba na kurukia ndani.

Boti ya futi ishirini na tano ilitoka ghubani polepole sana, hata maji ya gatini hayakutikisika, ikaelekea kuivuta mwenzake iliyozama. Harlan alinyonya kidole chake na kusema kwa mwendo huo watafika Krismasi.

"Basi watafika," Rowena alisema, akamshika ukosi na kumwinua. "Twende ukaoshe viti."

"Viti viko kwenye boti."

"Kaa basi uwasubiri."