Harage la Poland

"Rudisha karatasi yangu, mama Ulrich!"

"Karatasi gani? Ile ya mashetani? Haiko tena hapa! Nasema mbele ya batu bote: haiko!"

Eugénie alikuwa amesimama mpakani, mguu mmoja kwenye kiwanja chake, mguu wa pili kwenye kiwanja cha Apolline, mikono kiunoni. Jua lilikuwa halijapanda vizuri, lakini kijiji cha Juru ndivyo kilivyo: ugomvi haujatia maji mdomoni, tayari una watazamaji. Wengine walikuja na miswaki.

"Ni karatasi ya masomo, mama. Ya shule."

"Shule! Shule gani inaandika herufi zinaangalia nyuma, sawa mutu anakimbia polisi? Na ile maharagi unapangaka ku lungo, mustari kwa mustari, unayaongelesha peke yako, nayo ni shule?"

Mtu mmoja akacheka. Alipoona hakuna mwenzake, akakohoa. Maana ndani ya nyumba ya Eugénie, Ulrich, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa analala siku ya tatu na homa. Na Jumatatu, siku moja kabla homa haijamshika, kijiji kizima kilimsikia Apolline akimfokea mtoto huyo.

"Ulimuambia nini mutoto wangu? Sema! Sema basikie!"

Apolline akajibu: "Nilisema... amekula Poland yangu."

"Mumesikia!" Eugénie akawageukia watu. "Poland! Ametaja na jina ya jini yake!"

Hapo mambo yaelezwe, kwa kuwa Juru hawakuelezwa, na ndiyo sababu yalifika huko. Apolline alikuwa binti wa Uvira, Kongo. Alisoma historia Bujumbura, ng'ambo tu ya mpaka, na jioni alikuwa akienda kwenye darasa la bure la Kirusi. Mwanzoni alikwenda kwa sababu walikuwa wanatoa chai. Mwezi wa tatu chai ilikatwa, yeye akabaki. Vita vilipomleta Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, alikuja na sanduku moja, kamusi moja, na diploma iliyokunjwa ndani ya kitenge. Sasa, mwaka 2013, chuo kikuu kimoja cha Ulaya ya kaskazini kilikuwa kimemkubali kwa shahada ya uzamili: masomo ya nchi za Waslavi, yaani Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia na ndugu zao. Kilimpa na ufadhili. Sharti lilikuwa moja. Apeleke kwa kompyuta mpango wa masomo yake yote ya miaka miwili: somo gani, muhula gani. Mwisho ulikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Alhamisi ndiyo hiyo.

Masomo yalikuwa ishirini. Karatasi ya kujaribia hakuwa nayo, basi akapanga kwa kitu kilichokuwepo. Harage jeupe, lugha ya Kirusi. Jekundu, historia. Jeusi, fasihi. La njano, siasa na uchumi. La madoadoa lilikuwa moja tu, nalo ndilo Kipolandi. Wiki tatu alisogeza maharage juu ya lungo, ule ungo wa kupepetea, na lililokaa vizuri akaliandika kwenye karatasi, kwa herufi za Kirusi, pamoja na namba ya kila somo. Namba hizo hakuna kichwa kinachoweza kuzishika. Jumatatu, Ulrich akaja kucheza, mkono ukaingia kwenye lungo ukatoka, na la madoadoa halikuonekana tena. Ndipo akapiga ile kelele. Karatasi nayo Eugénie aliichukua kwenye lungo baada ya homa kuanza.

Gervais, mume wa Eugénie, ndiye aliyemtisha Apolline zaidi. Alikuwa ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe.

"Dada," alisema bila kuinua macho, "mutoto akiamuka, tutasahau. Asipoamuka, kesho usionekane fasi hii."

Kijiji cha pili, mwaka uliopita, bibi mmoja alichomewa nyumba kwa neno dogo kuliko hilo. Apolline mwenyewe alikwenda kuyatazama majivu, nani hakwenda? Sasa alihisi harufu yake puani kana kwamba bado yanafuka.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza, sauti imekuwa ndogo.

"Nilimupa mama Annah," Eugénie akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kufurahi. "Bwana yake ni askari kule Mbarara. Serikali isome, iseme wewe ni nani."

Mama Annah ni Topista, mnunuzi wa maharage anayekuja Juru kila Jumatano. Apolline hakungoja zaidi. Alifunga maharage yake kwenye pindo la kitenge, akapanda pikipiki hadi kituo cha Kabingo, akaunganisha gari la Mbarara. Njia nzima hofu zake mbili zilikuwa zinagombea kiti. Moja ilisema: karatasi imepotea, na chuo kimepotea. Nyingine ilisema: karatasi imesomwa. Mkimbizi, mwandiko usiojulikana, mkononi mwa jeshi. Hiyo ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Nyumba za askari zilikuwa vibanda vya mabati vya duara, vimepangwa safu. Kijana wa getini alimwangalia kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwa, akampeleka kwa Topista bila kumjibu salamu. Nje ya kibanda alikuwa ameketi mwanamume mzito mwenye mvi kidogo, mikono myeusi kwa mafuta ya gari. Juu ya goti lake ilikuwepo karatasi.

"Afande, shikamoo."

"Kaa." Alionyesha kigoda. "Mimi naitwa Naboth, bwana ya mama Annah. Hii karatasi nani ameandika?"

"Ni mimi, afande."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, afande. Ni chuo. Ni masomo."

"Masomo." Naboth aliinua karatasi juani. Topista alitokeza kichwa mlangoni, akatazama, akarudi ndani. "Mimi nilitafuta oili hapa. Hakuna. Nilitafuta breki. Hakuna. Mstari kwa mstari, usiku yote ya jana."

Apolline hakuelewa. Aliona tu kidole kile kinene kikitembea juu ya mwandiko wake, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kikisimama penye herufi ngumu. Mashetani hayasomwi hivyo. Huyu mtu alikuwa anasoma kweli.

"Afande... unajua Kirusi?"

"Mimi? Hapana! Mimi najua gari." Akacheka, kicheko cha kwanza Apolline kukisikia tangu asubuhi. "Ural. Zil. Lori ya Warusi. Kila kitabu ya hizo gari imeandikwa hivi. Mwaka ishirini na mbili niko chini ya Ural. *Maslo*, oili. *Tormoz*, breki. Ile ingine sijui. Nilijua tu hii si siri ya vita, kwa sababu mtu ya vita anaandika kuhusu gari."

Apolline alitaka kucheka akatokwa na machozi. Naboth akatazama pembeni kwa adabu, kisha akampa karatasi, kisha, kama fundi yeyote, akashindwa kunyamaza.

"Sasa niambie. Hii safu ya kwanza ni nini? Ndefu sana."

Apolline akafungua pindo, akashuka kwenye kigoda, akayamwaga maharage juu yake, akampangia: muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa kwanza ulikuwa na masomo tisa. Wa mwisho ulikuwa na mawili.

"Bannange," akasema Topista, ambaye sasa alikuwa ametoka kabisa, na mwiko mkononi. "Nyabo, tisa? Kwa nini?"

Apolline akajisikia akilitoa jibu. "Kwa sababu huo wa kwanza ndio una uhakika. Hiyo mingine... nani anajua kama nitafika?"

Mke wa askari analijua hilo. Askari analijua zaidi. Ni kosa la watu waliokimbia usiku na sufuria jikoni: cha kesho hukipika leo, chote, hata kikiungua.

"Sikia," Naboth alisema. "Ural ni gari nguvu. Lakini ukipakia mzigo yote mbele, mlima inakuzima hapo chini. Wakubwa yako ya hicho chuo wataona hii, watasema huyu atakufa Krismasi. Weka tano, tano, tano, tano."

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilimtisha kuliko geti. Kusogeza harage kwenye muhula wa nne ni kusema kwamba kutakuwa na muhula wa nne. Alisukuma jekundu. Akasukuma jeusi. Historia ya mpaka mmoja, fasihi ya vita vingine, moja moja, hadi mwaka wa pili ukapata mwili.

"Tano. Tano. Tano," Topista alihesabu kwa mwiko. "Nne. Iko moja imepotea."

"Kipolandi. Mtoto alilila. Ndiye huyo mgonjwa."

"Ulrich?" Topista alikunja uso. "Jana nilimwona. Mama yake alimfunga kitambaa hapa, kwa kichwa. Alikuwa analala upande moja tu, anavuta sikio, anavuta. Alisema amemwekea mafuta ya maombi ndani, kila siku." Mwiko ukashuka. "Nyabo. Ulimwona akitafuna?"

Apolline aliona tena mkono ule mdogo ukitoka kwenye lungo, umefumbwa. Aliona kichwa kikiinama pembeni. Mdomo hakuuona ukicheza.

"Annah yangu aliingiza mahindi," Topista akasema. "Ilivimba huko ndani. Alilia wiki mzima."

Na harage, linavyojua kuvimba. Harage ndani ya mafuta na joto la mwili, siku ya nne.

Saa nane na nusu Apolline alikuwa mbele ya kompyuta mjini, akiandika namba za masomo huku roho iko Juru. Somo la ishirini, Kipolandi, aliliweka mwaka wa pili. Alibonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mwisho neno likatokea: *umetumwa*. Wiki tatu nzima alikuwa ameota atakavyofurahi dakika hiyo. Hakuona hata rangi ya kioo.

Topista alikuwa amemwambia: lala hapa, mkeka upo, kule watakumaliza. Na akili ilikubali. Mpango umefika. Sanduku ni sanduku tu. Kwani akirudi atasema nini? "Mtoto ana kitu sikioni, mimi ndimi nimejua, nilijulia Mbarara"? Mchawi ndiye anayejua kilicho ndani ya mtoto wa mwenziwe. Atakuwa amejihukumu kwa mdomo wake mwenyewe.

Alipanda gari la Kabingo.

Saa kumi na mbili kasoro alifika. Uwanja wa Eugénie ulijaa. Wamama wa kanisa walikuwa wameimba hadi sauti zimekauka. Walipomwona wakafungua njia, kisha wakaifunga nyuma yake.

"Mama Ulrich," alisema, na hakuitambua sauti yake. "Sikio. Fungua kitambaa, uangalie sikio. Kuna harage ndani."

"Umejuaje?"

Ndilo swali lenyewe. Apolline akafungua pindo na kumwaga kumi na tisa chini, mavumbini, mbele ya miguu yao. "Yalikuwa ishirini. Sikulaani mtoto. Nilidhani amelila. Ni langu, mama, na kosa ni langu, niliacha lungo wazi. Lakini mpelekeni kituo cha afya, sasa hivi, mafuta hayatalitoa."

Gervais aliinama juu ya mkeka aliolazwa mtoto, akafungua kitambaa, akageuza kichwa chake kwenye mwanga uliobaki. Ulrich akapiga yowe. Baba mtu akamfunga mgongoni mwa mkewe na kuchukua baiskeli.

"Huyu asitoke," aliwaambia wamama.

Hakutoka. Walimkalisha katikati, na kulipokucha alikuwa bado palepale, sanduku lake pembeni. Mtu alikuwa amelitoa nje, hakujua kwa ajili ya kumsaidia au kumfukuza. Jirani mmoja alikuwa amekalia jerikeni kubwa la mafuta ya taa, analigongagonga kwa kisigino, kana kwamba hana habari nalo.

Jua lilikuwa utosini baiskeli iliporudi. Eugénie alishuka. Ulrich alikuwa begani, sikio limezibwa kwa pamba, anatafuna kipande cha muwa. Watu wakasimama. Eugénie akafungua kiganja.

Lilikuwa limevimba mara mbili, madoadoa yamepauka, na ubavuni limechungulisha mzizi mweupe mdogo.

"Angalieni!" sauti moja ya nyuma ikasema. "Limeota! Alilipanda! Alipanda kitu mu kichwa ya mutoto!"

Jeri likasogezwa. Apolline alifumba macho. Alisikia watu wakivuta pumzi, wakiupima uso wa mama mtoto, maana neno la mama ndilo lingetoka kama kibali.

Eugénie aliliangalia harage muda mrefu. Alimwangalia jirani mwenye jeri. Kisha akalirusha uani. Kuku wake wa kijivu akalikimbilia, akalimeza, akatikisa shingo, akaendelea na kazi zake.

"Sasa na kuku nayo ni mulozi?" Eugénie aliuliza. "Munganga ya kituo alisema: maharagi ikipata maji inaota. Nani kati yenu hajawahi kupanda maharagi?"

Gervais aliokota mpini wake wa jembe, akaupitisha mkononi, akaurudisha chini.

Apolline hakuthubutu kusimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na aliogopa kwamba akinyanyuka kila kitu kitabadilika tena. Juru hawamwiti mezani mtu wanayemshuku. Wanampitia hivi, kama shina, hadi ahame mwenyewe. Eugénie alimpita. Akaingia ndani. Sufuria zikalia, mwiko ukalia, harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikatoka. Halafu kichwa chake kikatokeza mlangoni, kimekunja uso bado.

"Weye wa Poland! Unangojea nikuletee fasi hiyo sawa bibi-arusi? Bugali inapoa. Ingia, ukule."