Goti la Mama Pindo

Jumatatu, tarehe tatu Machi, mwaka 2025, mkuu wa karakana ya ushonaji alisimama mbele ya cherehani ya Mama Pindo na kusema bila kuzungusha maneno: "Dada, nakupa wiki sita. Goti likiendelea kukataa kukanyaga, utahamia meza ya vifungo."

Mama Pindo alikuwa ameikanyaga cherehani ile kwa miaka kumi na tisa, na jina hilo alipewa kwa ajili ya pindo zake zilizonyooka. Kumpeleka vifungoni kulikuwa sawa na kumvua nguo hadharani. Tangu siku hiyo hakutulia: akikaa, husimama, akisimama, hutafuta pa kukaa, na mkono hauondoki gotini.

Zahanatini, mtaalamu wa viungo, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimbandika utepe wa buluu unaovutika kuizunguka pia ya goti.

"Mama, utepe huu unapunguza maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Hauyafanyi kwa niaba yako."

Akamwelekeza: kuketi na kusimama bila kushika kiti, mara kumi, kisha kuunyoosha mguu, kuuinua na kuhesabu hadi tano. Akampa pia utepe wa kubadilisha nyumbani baada ya siku nne.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Lastiki ya kiuno huvutwa barabara wakati wa kushonwa, la sivyo sketi huteremka. Basi siku nne zilipotimia, Mama Pindo akauvuta utepe mpya kwa nguvu zake zote, akaubandika, akaridhika. Mazoezi akayaweka kando. Goti lililokazwa namna ile lingetaka nini tena?

Wifi yake, aliyeketi cherehani ya pili, hakumwachia nafasi. "Wifi, goti limevaa sare leo?"

"Limevaa. Lako litabaki uchi."

Wakacheka. Lakini siku ya tatu ya utepe huo ngozi iliwasha, ikatoa malengelenge, na goti likauma kuliko mwanzo. Mama Pindo akarudi zahanatini mbio mbio, huku akichechemea.

"Uliuvuta kiasi gani, mama?"

"Hadi mwisho. Lastiki isiyovutwa si ni kamba tu?"

"Hiki si kiuno cha sketi, mama yangu. Unavutwa kidogo tu, na ncha zake hazivutwi kabisa. Na mazoezi?"

Mama Pindo akatazama dirishani. "Nilikuwa na haraka, mwanangu."

"Haraka hiyo imekurudisha nyuma wiki nzima. Ngozi ipone kwanza. Mazoezi anza leo, polepole."

Akaanza. Aliketi na kusimama kando ya jiko, kando ya kitanda, huku akizihesabu siku na kuziona zikimkimbia. Ngozi ilipopona, binti akambandika utepe mwingine, safari hii kwa upole.

Jumatatu, tarehe kumi na nne Aprili, mkuu alimwekea vitambaa. "Sketi kumi kabla ya saa sita."

Kwenye sketi ya nne goti likaanza kulalamika. Mkuu alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Moyo wa Mama Pindo ukamwambia kaza, usionekane. Akauma mdomo, kisha akasimama. Akaketi. Akasimama tena.

"Unaacha?" mkuu akauliza.

"Siachi, kaka. Nafanya dawa."

"Tatu!" wifi akapaza sauti. "Nne! Wifi, usishike kiti, nakuona!"

Karakana nzima ikahesabu naye hadi kumi. Akarudi kukanyaga, kwenye sketi ya saba akasimama tena. Ya kumi ilishuka mezani ikiwa imebaki dakika nane.

Mkuu akaupitisha ukucha juu ya upindo. "Baki hapo hapo. Na ukihitaji kusimama, simama, hata nikikutazama."

"Hasa ukinitazama," wifi akadakia.

Nawe uliyefika hapa, bila shaka unamjua mtu anayeshuka ngazi akijishika ukutani. Mpelekee hadithi hii. Kama hajui kusoma, keti naye umsomee, kisha umsindikize kwa mtaalamu.